Mwanga si Mkuki

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninapowasha tochi. Nikibonyeza tu kile kitufe moyo unaruka, na mtu mzima mimi najikuta natabasamu peke yangu. Jumamosi tulipokuwa wote sokoni Moshono, ulimwona yule mama aliyeshuka kwenye gari, akauacha mlango wazi, akaja mbio na kusema, "Shikamoo, Mwalimu Mkuki." Halafu akaniuliza, "Umefika?" Nami nikamjibu, "Nimefika, ingawa wa nne." Tukacheka mpaka muuza ndizi akatushangaa. Wewe ulinyamaza kwa adabu, lakini jicho lako liliuliza. Jumatatu unaanza kazi ya ualimu, na barua yako ya ajira nimeisoma mara mbili kwa furaha. Basi kaa nikueleze. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, ila mengine niliyoyaona nilijitakia mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilizaliwa huku juu mlimani kwenye migomba na kahawa, nikasoma, nikapangiwa kufundisha fizikia kidato cha tano na cha sita katika shule moja juu kidogo ya Sekei. Ungeniona siku zile ungedhani fizikia niliianzisha mimi. Shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, chaki tatu mfukoni, na mkono wa kulia nilioupenda watu wautazame, kwa sababu mkono ule ndio ulionipa sifa. Nilikuwa bingwa wa kurusha mkuki. Chuoni nilirusha, mkoani nilirusha, nikarudi na kikombe ambacho mama yangu alikiweka juu ya kabati pembeni ya Biblia.

Sasa nikuambie kitu ambacho wakati ule sikumwambia mtu. Kwa ajili ya mkuki nilikosa vipindi vingi vya chuo. Wiki ambayo wenzangu walifundishwa habari za kasi ya mwanga, mimi nilikuwa uwanjani nakimbia hatua kumi na tano na kutupa, nakimbia na kutupa. Niliporudi nikanakili madaftari yao, kurasa nyingine nikaziruka, nikijiambia nitazisoma likizo. Likizo ikaja na mashindano yake. Mtihani nao haukuuliza swali la pale, nikamshukuru Mungu, nikadhani mambo yameisha.

Basi asubuhi moja ya Jumatatu nilikuwa nafundisha kidato cha sita. Darasa lenyewe lilikuwa na wanafunzi tisa tu, maana fizikia siku zile watu waliikimbia. Nje mlima ulikuwa wazi kabisa, hata zile kingo za juu unazihesabu. Kijana mmoja aitwaye Elirehema, mrefu, mpole, mtoto wa mwinjilisti, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Gari likija mbio limewasha taa, mwanga wake unatufikia upesi kuliko wa gari lililosimama?"

Mwanangu, nilifurahi! Swali la kukimbia na kurusha limeletwa kwangu mimi, bingwa. Nilitoka mbele ya ubao, nikasogeza madawati mawili, nikachukua fimbo ya kuonyeshea ramani. Nikarudi mpaka mlangoni, nikakimbia hatua zangu, nikasimama ghafla na kunyanyua mkono. Nikawaambia, "Mnaona? Mrushaji akisimama tu, mkuki unapata nguvu ya mkono peke yake. Akikimbia, mkuki unachukua na mbio zake. Ndiyo maana morani hatupi amesimama. Na mwanga ni hivyo hivyo. Gari likija kwako, mwanga unajumlisha na mbio za gari. Likikuacha, unapungua." Wakapiga makofi. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikapigia mstari.

Hapo ndipo Namnyaki akasimama. Huyu alikuwa binti pekee katika darasa lile, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, kwao ni ng'ombe, mahindi na upepo. Alikuwa msichana wa maneno machache. Tangu nilipolionyesha darasa picha ya nyota katika kitabu changu, alikuwa ameshasema hataki udaktari wala uhandisi, anataka kusoma nyota. Akasema taratibu, bila kejeli yoyote, "Mwalimu, mwanga si mkuki."

Darasa likacheka. Hawakunicheka mimi, walicheka yale maneno, lakini mwenye kiburi husikia kila kicheko kimemlenga yeye. Nikamuuliza kama anajua kurusha mkuki kuliko mimi. Akasema hapana, ila wiki mbili zilizopita nilikuwa nimewafundisha nyota pacha, nyota mbili zinazozungukana, na lile nililoliandika ubaoni halipatani na nyota zile. Alitaka kueleza. Alikuwa ameshafungua daftari.

Sikumwacha aeleze. Nilimwambia afunge daftari, atoke, arudi na mzazi. Nikaongeza kwamba akirudi atasimama mbele ya wenzake na kusema kuwa amekosea, na kama hataki, jina lake nitalitoa kwenye mchepuo wa sayansi, akasome historia. Mkuu wa shule nilimpelekea habari kwa namna yangu, kwamba kuna binti mbishi asiye na heshima, naye akaniambia nimalize jambo hilo kabla ya Ijumaa. Hasira hasara, mwanangu, na hasara yenyewe mara nyingi humpata mwingine.

Jumanne hakuonekana. Jumatano hakuonekana. Elirehema hakuuliza swali tena, wala wengine hawakuuliza. Wananakili tu. Niliwaambia nendeni ukurasa fulani, wakaenda. Nilifundisha vipindi viwili vilivyonyooka kabisa, na nikatoka humo nimechoka kama niliyelima. Nikijaribu kusoma kile kitabu changu, penye habari za nyota pacha, nafika katikati ya ukurasa nakifunga, kwa sababu kuna jambo mle ndani lilianza kunichungulia, nami sikutaka kuonana nalo.

Alhamisi saa nne nikaitwa ofisi ya walimu. Nikamkuta Namnyaki amesimama na daftari lake, na pembeni yake babu yake, Mzee Loishiye, amevaa koti la kijivu juu ya shuka, fimbo mkononi, viatu vyake vya matairi vimejaa vumbi la njia ndefu. Baba wa binti alikuwa mbali akichunga mifugo, ndiyo maana amekuja mzee. Nami kwa haraka ya kutaka kulimaliza, nikasema, "Karibu mzee, mtoto wako ametusumbua sana."

Mzee alinitazama tu, bila hasira, kama anayesubiri mvua iishe. Ikanichukua muda kuelewa kwamba nimemkaribisha mzee wa umri wa babu yangu bila kumwamkia, na bila kumpa kiti. Nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo. Akauweka mkono wake juu ya kichwa changu, akasema marahaba, ndipo akakaa.

"Mwalimu," akasema, "mtoto ameniambia ulisema mwanga ni kama mkuki."

Nikasema ndiyo, nikamweleza habari ya kukimbia na kutupa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwamba nimesema kweli kuhusu mkuki, akaniuliza nashikia wapi, mguu gani unatangulia. Tukazungumza mkuki kama dakika tano, na mwanangu, yule mzee alijua. Nilijifunza pale pale kosa la kiwiko changu ambalo kocha hakuwahi kuliona. Nikaanza kupumua vizuri, nikadhani tumekuwa marafiki.

Ndipo akasema, "Mkuki naujua. Nimeurusha tangu sijaota ndevu, na nimeuona ukienda na ukikosa. Mwanga siujui. Sijawahi kuushika. Wewe umeushika?"

Nikasema mwanga haushikiki.

"Umeupima?"

Nikasema sijaupima.

"Basi aliyekufundisha, yeye aliupima?"

Walimu wenzangu walikuwa wamesimamisha kalamu. Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na maneno ya Kiingereza ya kutosha kumfunika mzee yule mpaka jioni. Lakini mkono wake ulikuwa umenigusa kichwani dakika chache tu zilizopita, nikashindwa. Nikasema, "Mzee, siku walipofundisha hilo sikuwepo. Nilikwenda kurusha mkuki."

Namnyaki alitazama chini. Nadhani alizuia kicheko, na sikumlaumu. Mzee akasema neno ambalo limekaa nami miaka yote hii. "Kwa hiyo umemfukuza mjukuu wangu kwa sababu unaujua mkuki vizuri." Halafu akasema, "Sisi kwetu mtu akileta neno kwenye kikao, hata kama ni mdogo, analisema lote. Ukishalisikia lote ndipo ulikatae. Mpe nafasi aseme. Akishindwa ataomba radhi mbele yangu, na hiyo historia ataisoma."

"Na akishinda, Mzee?"

"Hilo utaniambia wewe."

Nikamwambia akishinda nitaomba radhi mimi, mbele ya darasa, na jina lake halitaguswa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilizoea kuwasahihisha watu kila siku, na sasa zamu ilikuwa yangu.

Namnyaki hakuomba ubao. Aliomba uwanja, karatasi nane na kalamu. Tukatoka wote, wanafunzi tisa, mimi, na mzee akibebewa benchi lake, mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Akaandika namba moja hadi nane kwenye zile karatasi, kila karatasi namba yake. Akamwambia Elirehema, "Wewe ni nyota. Utauzunguka mlingoti taratibu, usisimame." Akatupanga sisi wabeba karatasi, na hapo akagundua amepungukiwa mtu mmoja. Wenzake walikuwa saba. Akanitazama. Akanyoosha mkono wenye karatasi namba moja, akasema, "Mwalimu, naomba utusaidie."

Nikaichukua. Ningefanya nini?

Akaeleza, na sauti yake ilianza kupata moto. Nyota inapozunguka, kuna wakati inatuelekea na kuna wakati inatupa mgongo. Kila inapogeuka inatuma habari, na habari yenyewe ndiyo mwanga. Kama Mwalimu anasema kweli, habari iliyotumwa nyota ikituelekea itakwenda haraka, na iliyotumwa nyota ikituacha itakwenda polepole. Kwa hiyo namba moja, tatu, tano na saba, ambazo nyota inazituma ikiwa imetupa mgongo, zitatembea mwendo wa kwenda kanisani. Namba mbili, nne, sita na nane zitatembea mwendo wa aliyechelewa kanisani. Hakuna kukimbia, wala kubadilisha mwendo njiani. Babu atakuwa jicho la darubini, atapokea karatasi na kuzipanga kwenye nyasi kwa jinsi zinavyofika.

Mara ya kwanza alimweka mzee karibu, hatua kumi na tano tu kutoka mlingotini. Elirehema akaanza kuzunguka. Alipotupa mgongo akanigusa bega, nikaondoka mwendo wangu wa kanisani, nikampa mzee karatasi. Nyuma yangu ikaja namba mbili, kisha tatu, kisha nne, mpaka nane. Zimefika zote kwa mpangilio. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Mnaona sasa? Nilichosema kiko sawa sawa." Kumbe nimeshangilia bao kabla mpira haujavuka mstari.

Namnyaki akasema, "Nyota haziko karibu hivyo, Mwalimu." Akamwomba babu yake ahamie getini, chini kabisa, kama hatua mia moja na hamsini. Benchi likabebwa. Tukarudi mlingotini, nami nikakamata namba moja yangu.

Sasa nisikilize vizuri mwanangu, maana hapa ndipo damu yangu ilipochemka, na mpaka leo inachemka nikisimulia. Elirehema akanigusa bega. Nikaondoka. Natembea. Geti liko kule mbali, mzee amekaa mdogo kama kisiki. Sijafika mbali nasikia hatua nyuma yangu, tap tap tap, namba mbili huyo ananipita, kijana mfupi ambaye sikuwahi kumpa zaidi ya alama arobaini. Aliondoka baada yangu. Ananipita bila kunitazama. Nikataka kuongeza mwendo, Namnyaki akaniita kutoka nyuma, "Mwalimu, mwendo wako." Nikatulia. Natembea. Namba nne akanipita. Mkono wangu wa bingwa unaning'inia hauna kazi, miguu inawasha, na akili yangu, Mungu wangu, akili yangu ikaanza kukimbia badala ya miguu.

Maana niliona. Kabla sijafika getini niliona lote, pale pale njiani, jua likinipiga utosini. Mimi ni habari ya zamani, na habari mpya inanipita. Yule mzee kule getini atajua ya pili kabla ya ya kwanza. Ataambiwa nyota imegeuka kabla hajaambiwa ilikuwa wapi. Namba sita akanipita, na nikaanza kucheka, natembea nacheka peke yangu kama mwehu, karatasi mkononi.

Nilipomfikia mzee, kwenye nyasi kulikuwa na mbili, nne, sita. Nikaiweka moja yangu. Nyuma yangu ikaja nane, kisha tatu, kisha tano, na mwisho saba, anahema. Mzee Loishiye aliinama akazitazama zile karatasi muda mrefu. Akasema, "Nyota yenu imefika kabla ya kuondoka. Hii ikiwa ni ng'ombe wangu, ningemfukuza mchungaji."

Namnyaki alikuwa amekuja mbio kutoka mlingotini, amekumbatia kile kitabu changu cha nyota pacha, alichotoka nacho ofisini. Akakifungua kwenye ule ukurasa ambao nilikuwa nikiufunga. Pale palichorwa mahali nyota moja ilipoonekana, mwaka baada ya mwaka, ikiizunguka mwenzake. Alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote kwa zamu, duara limetulia. Hakuna namba mbili iliyoitangulia moja, na nyota yenyewe iko mbali kiasi kwamba mwanga wake umesafiri miaka na miaka. Kama mwanga ungechukua mbio za nyota, hata tofauti ndogo tu, kwa safari ndefu hivyo duara lile lingevurugika kama karatasi za pale kwenye nyasi.

Nikajaribu mara ya mwisho, maana kiburi hufa kama nyoka, mkia ukicheza mpaka jioni. Nikasema, "Lakini wanafunzi si mwanga."

Akanijibu, "Ndiyo, Mwalimu. Hatujaupima mwanga. Tumelipima wazo lako. Mwanga wameupima waliozitazama hizi nyota."

Kisha akaturudisha mlingotini mara ya tatu. Safari hii wote mwendo mmoja, iwe nyota inakuja au inakwenda. Tulifika getini moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, kama ilivyochorwa kitabuni. Mwanangu, niliruka. Nakuambia niliruka na shati langu la pasi, nikamkumbatia yule kijana wa alama arobaini, nikakimbia kuuzunguka mlingoti bila sababu yoyote. Nilikuwa nimeshindwa mbele ya wanafunzi wangu na sikuwa na hata chembe ya huzuni. Fikiria! Nyota iko huko, inakuja au inakwenda, inazunguka itakavyo, na mwanga ukishatoka hauna habari na mbio za aliyeutoa. Wote una kasi ile ile moja. Rangi ya mwanga ndiyo inayobadilika kidogo chanzo kikisogea, kama honi ya basi inavyobadilika sauti likikupita, lakini kasi haisogei. Baadaye nilikuja kusoma kwamba wataalamu walipima hata kwa chembe ndogo zinazokimbia karibu sawa na mwanga wenyewe, na mwanga uliotoka kwenye chembe hizo haukuongezeka kitu. Ajabu hiyo ilikuwa imenisubiri kwenye kurasa nilizoziruka, na aliyenifungulia ni binti niliyemfukuza.

Nikawakusanya palepale getini. Nikasema mbele ya mzee na mbele ya wale tisa kwamba nilichoandika ubaoni Jumatatu si kweli, kwamba siku ya kufundishwa somo lile sikuwepo, na kwamba nilimtoa Namnyaki darasani kwa sababu ya aibu yangu, si kwa kosa lake. Nikamwomba radhi. Nilidhani wataacha kuniheshimu. Kesho yake mikono ilinyooshwa mingi mpaka kengele ikatukuta swali la tatu.

Mkuu wa shule nilimfuata mchana ule ule nikamwambia yule niliyemwita mbishi abaki kwenye mchepuo wake, na kama kuna wa kuandikiwa onyo ni mimi. Hakuniandikia. Alisema, "Kumbe unaweza kushindwa?" Mzaha wake ulinichoma, lakini nilistahili.

Mzee Loishiye alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka barabarani. Alitoa kwenye koti karatasi moja iliyokunjwa, akanipa. Ilikuwa namba moja. Akasema, "Hii ni yako. Umeondoka wa kwanza, umefika wa nne. Lakini umefika." Kisha akaniinamisha kichwa kwa mara ya pili, akanibariki kwa lugha yake, na wakaondoka yeye na mjukuu wake kufuata nyumbani mifuko ya binti, ili arudi bwenini.

Yule mama wa sokoni ndiye Namnyaki. Anafundisha chuo kikuu, anafundisha hizo hizo nyota, na kila tukikutana lazima aniulize kama nimefika. Jina la Mkuki ndiye aliyenipa, likasambaa shule nzima kabla ya wiki kuisha, na nimelivaa miaka yote hii bila kulivua. Mzee alishatangulia mbele za haki. Nilikwenda kumzika.

Sasa wewe unaingia darasani Jumatatu. Utakuwa na kitu chako unachokijua sana, kila mtu anacho. Kwangu kilikuwa mkuki. Angalia kisije kikawa ndiyo macho yako ya kutazamia kila kitu, maana tunalolijua vizuri ndilo linalotudanganya kwa upole zaidi. Mtoto akisimama akasema neno, mwache alimalize. Usimkate hata kama kipindi kimebaki dakika mbili, hata kama wenzake wanacheka, na zaidi sana kama unaona uso wako unapata joto. Ukiwa hujui, sema hujui, kisha utafute pamoja nao. Siku hizi mna simu zenye majibu ya kila kitu, lakini jibu la simu halijawahi kumpita mtu njiani likamfanya acheke peke yake. Wapeleke uwanjani watembee. Kuuliza si ujinga, mwanangu, ujinga ni ule niliokuwa nao mimi, wa kumnyamazisha anayeuliza. Na ukikosea, omba radhi upesi, tena mahali pale pale ulipokosea na mbele ya wale wale walioona.

Nilitaka kukununulia kalamu nzuri ya kuanzia kazi, lakini nimefikiri vingine. Shika hii karatasi. Imechakaa kwenye mikunjo, ila namba bado inasomeka. Iweke ndani ya kitabu chako cha maandalio, na siku utakapotaka kumtoa mtoto darasani, ifungue kwanza.

Mungu wa baba zetu aliyeutuma mwanga kabla hajatuma mtu akutangulie katika kazi hii. Akupe sauti isiyochoka na sikio refu kuliko sauti. Chaki yako isikauke, na nyumba yako isikose maziwa. Wanafunzi wako wakupite, mwanangu, wakupite wengi, tena kwa mwendo wa haraka, nawe uwe na moyo wa kucheka wakikupita, uendelee kutembea mpaka ufike.